Hasimu Aliyeuona Mwezi

Wa kwanza kukisimulia kisa hiki chote alikuwa Bi. Mwanakhadi binti Omari, Mwenyezi Mungu amrehemu, katika hitima ya arobaini ya mumewe, mwezi wa Rajabu, mwaka uliofuatia kumalizika kwa vita vikuu vya pili. Wanaume wa mji walishuhudia sehemu yake, lakini yeye kabla ya siku hiyo hakukisema kwa mtu yeyote, kwa kuwa mumewe alimkataza. Alichelea kusifiwa kwa jambo ambalo malipo yake aliyatarajia kwa Mola wake. Wanawake walikuwa wamekaa ukumbini wakichambua mchele wa pilau, na mmoja wao akasema kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, ila ulimi wake ulikuwa mkali. Bi. Mwanakhadi akaweka ungo chini. "Ulikuwa mkali, ni kweli," akasema. "Basi nisikilizeni niwaambie siku moja ulipotumika vizuri." Na hivi ndivyo tulivyokipokea kutoka kwa waliokuwapo pale.

Mumewe huyo, Lali Bwanakombo, alikuwa mshona makubadhi katika mji wa Utangani, zama za Kadhi Mahfudhi bin Shekuwe. Viatu vyake vilisifika, na saumu na sala zake hazikuwa na kasoro ambayo jicho la mwanadamu lingeiona. Alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini. Nyumba aliyokaa aliirithi kwa baba yake, na nyumba iliyoungana nayo ilikuwa fungu la nduguye, Heri. Heri aliiuza kwa mfuma nguo mmoja aliyehamia kutoka Barawa, jina lake Munye Nureni, kisha haukupita muda mrefu akafariki.

Nyuma ya nyumba hizo mbili palikuwa na kichochoro chembamba, upana wa mwanamke aliyebeba mtungi, kilichotoka mlango wa nyuma wa Munye mpaka kisimani. Kichochoro hicho ndicho kilicholeta fitina. Munye alidai kwamba siku ya kuuziana nyumba, marehemu Heri alimshika mkono, akamwonyesha njia ile na kumwambia, "Na hii ni yenu, wewe na watu wako, mpite msizuiliwe." Mashahidi hawakuwapo. Lali akasema nduguye hangeweza kutoa neno kama hilo bila kumwambia yeye.

Lali alikuwa na sababu ya kukitaka kichochoro kile. Binti yake, Somoe, alikuwa ameposwa, na harusi ilipangwa kuwa Mfungo Mosi, mara baada ya Idi. Katika mji ule bwana harusi ndiye anayehamia kwa bibi harusi, na baba asiye na chumba cha kumpa binti yake hana harusi ya kuizungumzia. Nyumba ya Lali ilikuwa imejaa. Mahali pekee pa kuongeza chumba palikuwa pale kichochoroni. Mawe ya matumbawe yalikwisha kurundikwa, chokaa ilikwisha kuchomwa na kufunikwa kwa makuti, na mama wa bwana harusi alikwisha kutuma salamu kwamba kama chumba hakitakuwa tayari, mwanawe ana pengine pa kuposa.

Basi wakapelekana kwa Kadhi. Ilikuwa mwezi wa Shaabani, watu wamejaa barazani. Munye akatoa maelezo yake kwa utaratibu, kwa sauti yake ya chini isiyofika mbali. Alipofika kwenye maneno ya marehemu, Lali hakujizuia. Akasimama mbele ya watu wote na kusema, "Mwongo huyu! Anamsingizia maiti kwa kuwa maiti hajibu!"

Kadhi Mahfudhi akamkalisha, akaiahirisha kesi mpaka baada ya Idi, na kuwausia wote wawili wautumie mwezi mtukufu kutazama nafsi zao. Lakini neno lilikwisha kutoka. Munye alikuwa mtu wa kukaa kwenye kitanda chake cha kufumia tangu asubuhi hadi jioni. Hakuwa na baraza ya kukaa wala marafiki wa kuzungumza nao, na nguo zake ziliuzwa na kina mama waliozipeleka miji mingine. Upande wa pili wa nyumba yake palikuwa makaburini. Kwa hiyo watu wengi wa Utangani jambo la kwanza walilolijua juu yake lilikuwa lile aliloitwa na Lali.

Mwezi mzima wa Ramadhani majirani hao walipeana salamu mlangoni, kwa kuwa dini inalazimisha, na zaidi ya salamu hapakuwa na neno.

Ikafika jioni ya mwezi ishirini na tisa. Tangu alasiri wingu zito lilitanda upande wa machweo, na mji mzima ulikuwa juu ya mapaa. Watoto walipigiana kelele kutoka paa hadi paa. Wanawake walikuwa na sufuria za maziwa na tambi jikoni, hawajui wawashe moto wa Idi au wa daku. Mafundi cherehani walikuwa na kanzu za watu zisizokwisha, wakiomba dua kimoyomoyo mwezi usionekane. Na wenye kanzu zilizokwisha wakiomba uonekane. Kila mara mmoja alipiga ukelele, "Ule pale!" na wote wakageuka, na ikawa si kitu ila upenyo wa mwanga.

"Wewe Kombo, mwaka jana uliona mwezi, ikawa ni taa ya jahazi!" mtu mmoja akamkumbusha Kombo Shali, muuza halua.

"Afadhali mimi niliyeona taa," akajibu Kombo. "Wewe hata mkeo ukimpita njiani humwoni."

Jua likazama, wakafuturu kwa tende na maji, wakasali Magharibi. Baada ya sala hakuna aliyeondoka. Mwadhini, Mzee Athumani Famau, akasogea mbele ya Kadhi na kusema kwamba alipokuwa juu ya mnara, kabla hajaadhini, wingu lilipasuka kidogo kabisa, naye akauona mwezi mwembamba kama ukucha, umelala chali, kisha wingu likafunga. Akaapa kwa hilo. Hakuna aliyemshuku, Mzee Athumani alikuwa mtu ambaye hata saa ya msikiti ilisahihishwa kwa neno lake. Lakini kwa mwezi wa Idi shahidi mmoja hatoshi. Kadhi akauliza, "Yuko mwingine?"

Watu wakatazamana. Mamia ya macho yalikuwa juu ya mapaa, na hakuna jingine lililoona.

Hapo ndipo viatu viliposikika vikikimbia nje, na Munye Nureni akaingia akihema, mikono yake yote miwili ya buluu mpaka viwikoni. Alikuwa darini kwake akianua nyuzi alizozitia nili, akadhani mji mzima umeuona; alipokwisha kusali kwake na kusikia baragumu halilii, akaja mbio, na nili ilikuwa bado haijamtoka mikononi. Watu wakaangua kicheko.

"Sheikh," akasema, "nisamehe kwa hali hii. Mwezi umeandama. Nimeuona."

"Umeuona wapi?"

"Kushoto kwa mnazi uliokatika kichwa, juu kidogo. Umelala. Wingu lilifunguka, nikausoma uso wake, nikashika nyuzi zisianguke, nilipotazama tena haupo."

Mzee Athumani akaruka. "Ndipo hapo! Wallahi ndipo hapo hapo, na umelala!"

Msikiti ukavuma. Wengine wakaanza kusimama, vijana waliokuwa mlangoni wakaelekea kutoka kwenda kupuliza baragumu. Kadhi Mahfudhi akainua mkono, wakatulia.

"Taratibu, waumini," akasema. "Athumani namjua. Huyu ndugu yetu simjui ndani yake. Shahidi wa mwezi sharti awe mwadilifu, na uadilifu husemewa na anayemjua mtu kwa kukaa naye. Nani anamjua Munye Nureni?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Anayesali naye? Aliyesafiri naye? Aliyefanya naye kazi?"

"Tunamwona tu, Sheikh," akasema mmoja.

Na nyuma ya nguzo sauti ikanong'ona, si kwa kunong'ona sana, "Si ndiye yule aliyeitwa mwongo?"

Kadhi akamgeukia Munye mwenyewe. "Nani anakujua katika mji huu, ndugu yangu?"

Munye akaangalia mikono yake. "Anayenijua ni mmoja, Sheikh," akasema. "Na huyo tuna kesi naye."

Watu wakacheka tena, na vichwa vyote vikageukia safu ya mbele, alipokuwa Lali Bwanakombo amekaa na tasbihi mkononi.

Kadhi naye akatabasamu. "Lali usiogope. Sikuulizi wewe. Hasimu hasikilizwi dhidi ya hasimu wake, hiyo ndiyo sheria. Lile neno ulilolisema kwenye baraza yangu sikuliweka kwenye hesabu, na leo pia sihitaji jingine. Nyamaza tu, wala huna lawama."

Moyo wa Lali ulitulia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Amepewa ruhusa ya kunyamaza, na aliyempa ni Kadhi mwenyewe, mbele ya mihrabu. Kombo Shali, aliyekuwa amekaa karibu naye, akamwegemea sikioni. "Umeokoka, bwana. Tutakamilisha thelathini, hakuna aliyepungukiwa. Na mimi nitapata siku moja zaidi ya kuuza halua."

Ilikuwa rahisi hivyo. Asingesema uongo hata kidogo. Siku moja ya kufunga ni kitu gani? Idi ingekuja kesho kutwa, kesi ingesikilizwa, Munye hana shahidi, kichochoro kingekuwa chumba, na Somoe angeolewa.

Lakini Lali alikuwa na jambo asilolijua mtu mwingine msikitini. Ukuta wake na ukuta wa Munye ulikuwa ukuta mmoja. Miaka yote ile alikuwa akikaa chini akishona, na upande wa pili Munye akifuma, na kila neno lililosemwa kule lilimfikia huku. Aliwahi kumsikia mteja akigonga, na mke wa Munye akimwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Nitamwambia hupo," na Munye akapaza sauti yeye mwenyewe kutoka ndani, "Niko! Ila nguo yako haijawa, na nina aibu kutoka!" Siku ile Lali alicheka mpaka akajichoma sindano. Aliwahi kumsikia akimfuata mwanamke mmoja mpaka barabarani kumwambia kwamba kikoi alichokinunua kina uzi uliokatika upande wa ndani, na yeye hakuuona ila baada ya kuuza. Aliyasikia hayo mwaka baada ya mwaka, kutoka kwa mtu asiyejua kwamba anasikilizwa. Kama yuko mtu Utangani ambaye Lali angeweza kuapa kuwa hajui kusema uongo, mtu huyo alikuwa mwenye mikono ya buluu aliyesimama mbele yake.

Na alilijua hilo hata siku alipomwita mwongo. Hapo ndipo palipomuuma. 

Nafsi ikamwambia: umeruhusiwa. Akaitazama safu ya watu, nao wamekwisha kukata tamaa, wengine wanafunga mikanda warudi kwao kula daku ya mwisho. Mwezi uko juu ya wingu, umeandama, na mji mzima utafunga siku ambayo kufunga ni haramu, kwa sababu ya nafasi ya kupita mtungi. Kadhi alikwisha kushika fimbo yake na kuanza kufungua mdomo kutangaza.

"Sheikh," akasema Lali.

Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Umesema hasimu hasikilizwi dhidi ya hasimu wake."

"Ndivyo."

"Na kwa ajili yake?"

Kadhi Mahfudhi alibaki amemkodolea macho. Alikuwa mtu mzima, ameamua kesi nyingi, na wanaosimulia wanasema fimbo ilimponyoka mkononi ikagonga sakafu.

"Kwa ajili yake?" akarudia. "Ushahidi huo, Lali, naupokea kuliko wa mtu yeyote. Lakini ngoja. Usiseme mpaka nikwambie. Kesi yenu iko mikononi mwangu. Hana shahidi, ana neno lake tu. Ukimshuhudia leo kwamba hasemi uongo, siku nitakapowaita sitakuwa na swali la kukuuliza wewe. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu."

"Unaye binti anayeolewa."

"Ninaye, Sheikh. Na ninajua chumba chake kitakuwa wapi na kitakosa kuwa wapi." Lali akasimama. "Nashuhudia mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba Munye Nureni ni mkweli. Namsikia kupitia ukutani usiku na mchana, naye hajui kuwa namsikia. Sijamsikia akisema uongo kwa mteja, wala kwa mkewe, wala kwa mtoto anayelia."

"Na lile ulilosema kwenye baraza yangu?"

"Siku ile nilisema nilichokuwa nakitaka," akajibu. "Leo nasema ninachokijua."

Kisha Kadhi Mahfudhi akasema, "Allahu Akbar," polepole, na machozi yakimtoka, na Mzee Athumani akaidaka, "Allahu Akbar!" na msikiti mzima ukaitikia kwa mpigo mmoja mpaka njiwa wakatoka kwenye madirisha. Vijana walikwisha kufika nje. Baragumu likalia, vigelegele vikapokezana kutoka dari hadi dari, nyumba za mbele zikiziuliza za nyuma na za nyuma zikijibu kabla ya kuulizwa, "Umeandama! Umeandama! Idi kesho!" Mafundi cherehani wakakimbia makwao kama wanaofukuzwa. Kombo Shali akasimama katikati ya watu akipiga kelele, "Halua yangu! Nusu yake bado haijauzwa!" na wakambeba juu juu, yeye na malalamiko yake.

Katika msukosuko ule Lali alitafuta njia ya kutoka bila kukutana na Munye. Hakutaka kushukuriwa. Akapita mlango wa upande wa kutawadhia.

Nyumbani, Bi. Mwanakhadi alikuwa ameteremka kutoka darini, uso umemng'aa, anamimina maziwa kwenye tambi.

"Baba Somoe! Umeandama kweli?"

"Umeandama."

"Nani kauona? Sisi hapa tuliona wingu tu."

"Athumani Famau. Na Munye."

Upawa ukasimama. "Munye huyu wetu? Na Kadhi kamkubali?"

"Alipata wa kumsemea."

"Haya makubwa. Nani huyo aliyemsemea?"

Lali akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Mimi."

Bi. Mwanakhadi akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Maziwa yalianza kufura, na hakuyatazama. "Umemsemea kuwa ni mkweli."

"Ndiyo."

"Mbele ya Kadhi."

"Mbele ya Kadhi na mbele ya mji."

"Basi njia imekwenda."

"Imekwenda, Mama Somoe."

"Na mwanangu?" Sauti ikampanda. "Miaka yote nakuomba uufunge mdomo wako, bwana, hutaki. Leo mtu anakuruhusu kuufunga, unaufungua! Nitamwambia nini mama wa bwana harusi? Kwamba tumempa jirani chumba cha bibi harusi?"

Pazia likasogea, na Somoe mwenyewe akatoka. Mambo ya harusi yalimkataza kujitokeza mbele ya watu, lakini hawa walikuwa wazazi wake. Akaondoa sufuria motoni.

"Mama," akasema, "nasi tulikuwa tunamsikia."

"Kumsikia nani?"

"Munye. Sote, kupitia ukutani. Siku ile ya 'niko ila nina aibu kutoka', wewe ndiye uliyecheka zaidi." Akamimina tambi kwenye sinia. "Kama baba angenyamaza, ningelala humo chumbani nikijua."

Mama yake akainuka, akatafuta iliki, na usiku ule mambo ya chumba hayakutajwa tena.

Asubuhi, baada ya sala ya Idi, Lali akavaa kanzu yake na kwenda kubisha mlango wa jirani. Munye alifungua yeye mwenyewe. Buluu ilikuwa haijamtoka vizuri kwenye kucha.

"Idi njema, jirani."

"Idi njema. Karibu ndani."

"Hapa hapa panatosha. Nimekuja kukutaka radhi kwa neno nililokuita. Na kukwambia kwamba kesi naifuta. Njia ni yako, kama alivyosema Heri."

"Radhi nimekupa," akasema Munye. "Nilikupa siku ile ile, maana niliona una mzigo. Wala kwa jana sitakushukuru. Ushahidi ni haki ya Mwenyezi Mungu. Ila nataka ujue kwamba njia sikuing'ang'ania kwa ukaidi." Akasogea kando ili Lali aone ndani. Kwenye mkeka alikuwa amekaa mwanamke mzee sana, amenyanyua uso kama anayesikiliza. "Mama yangu haoni. Kichochoro kile amekijifunza kwa mikono, huku ukuta wangu, huku wako, mpaka kisimani. Akifika anatawadha mwenyewe, bila kuongozwa na mtu. Ndilo jambo pekee lililombakia ambalo analifanya peke yake."

Lali akauliza, "Mbona hukusema hivyo mbele ya Kadhi?"

"Nilikuwa nakuja huko. Uliniita mwongo kabla sijafika."

Walitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu Shaabani Lali akacheka, akicheka kwa aibu, na Munye akacheka naye. Yule bibi mzee akauliza kutoka ndani, "Ni nani huyo mwenye kicheko cha mshona viatu?" Kumbe na upande wa kule walikuwa wakisikia.

"Na binti yako?" akauliza Munye walipotulia.

"Mungu atafungua."

"Atafungua, lakini mawe unayo na chokaa unayo." Akatoka nje, akatembea naye mpaka mdomo wa kichochoro, akaelekeza kidole juu. "Chini ni mama yangu. Juu ni nani?"

Lali akainua kichwa. Juu hapakuwa na kitu ila ukanda wa mbingu kati ya kuta mbili. Wikio! Chumba kinachovuka juu ya njia, kutoka ukuta hadi ukuta, kama vilivyo vyumba vingi katika mji ule. Watu wakipita chini, wenye nyumba wakilala juu. Alikuwa amekiangalia kichochoro kile mwaka mzima na hakuwahi kukiangalia juu. Na hata kama angeangalia, wikio husimama kwa kuta mbili, na mtu hawezi kumwomba hasimu wake ukuta.

"Boriti zitalala wapi upande wa pili?" akauliza, ingawa alijua.

"Kwangu. Zilale wapi tena? Dini imetukataza kumzuia jirani kuweka boriti ukutani. Hukuniomba tu."

Lali akarudi nyumbani akikimbia, mtu mzima mwenye kanzu ya Idi, akimwita mkewe kwa jina tangu mlangoni. Bi. Mwanakhadi akatoka akidhani kuna msiba. Alipoelewa, akapiga kigelegele ambacho wageni wa Idi walikisikia mitaa ya mbali, wakajua kwamba harusi ipo.

Ipo, ila haikuwa Mfungo Mosi. Boriti zilichelewa, na fundi wa chokaa akaugua, kwa hiyo Somoe akaolewa Mfungo Pili. Mama wa bwana harusi alipoonyeshwa chumba alisimama chini akikitazama na kusema, "Mwanangu hakuposa njiwa." Lakini alipanda ngazi, akaona upepo unavyopita madirisha ya pande zote mbili, na siku za joto hakuwa na haraka ya kuteremka. Munye aliwafumia shuka la kitanda cha harusi, na Lali akamshonea bibi mzee makubadhi yenye nyayo nyembamba, ili miguu yake isipoteze sakafu aliyoizoea.

Hapa ndipo Bi. Mwanakhadi alipochukua tena ungo wake. Alisema kwamba watu huuliza mara nyingi katika ugomvi nani mwenye haki, na swali hilo lina mahali pake. Lakini mumewe alimfundisha kwamba liko swali linalotangulia, nalo ni: je, ninachokisema juu ya mwenzangu ndicho ninachokijua, au ndicho ninachokitaka? Atakayejiuliza hilo wakati nafsi imechemka, hasa akiwa ameruhusiwa kunyamaza, ametimiza jambo ambalo wengi wenye saumu ndefu hawakulifikia. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaojiuliza hivyo.

Lali Bwanakombo alifariki kama ilivyotajwa, na Kadhi Mahfudhi alimtangulia kwa miaka michache. Mama wa Munye alifariki mapema zaidi, akiwa kwenye udhu. Munye Nureni alirudi Barawa baada ya vita, na habari ya kifo chake iliwafikia jamaa kwa msafiri mwaminifu. Mzee Athumani, Kombo Shali na Bi. Mwanakhadi wote wamekwisha kwenda kwa Mola wao. Mume wa Somoe naye hayupo. Somoe binti Lali yu hai, anaishi na wajukuu zake, na masikio yake bado mazima.